Watoto wa Ng'ambo na Kipindi cha Hesabu

Nauza vitenge Tunduma, mahali ambapo mteja akipiga chafya upande mmoja wa mpaka, anayemwitikia yuko upande wa pili. Kazi hiyo imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza nahesabu nilichoambiwa, mara ya pili nahesabu kilichopo. Ndiyo maana siku ya mkutano wa wazazi, mwalimu wa taaluma alipobandika karatasi kubwa ukutani kuonyesha watoto wetu walivyofanya mitihani, nilisimama, nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, nikaanza kuhesabu upya kwa kidole.

"Mama, tumeshahesabu sisi," mwalimu akasema.

"Najua, mwalimu. Nakusaidia tu kuhakikisha."

"Kaa chini, unatuziba!" wakapiga kelele wa nyuma.

Nilikaa, lakini nilikuwa nimeshaona nilichotaka kuona.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, ya serikali. Madarasa yake yamejengwa kwa awamu nyingi, kila jengo na rangi ya bati lake. Ukisimama mstarini asubuhi unauona mkoa mzima wa Songwe umevaa sweta moja. Wamo Wanyiha wa Mbozi, watoto wa wakulima wa kahawa na mahindi, waliopangishiwa vyumba mjini ili wasome. Wamo Wandali ambao baba zao waliteremka kutoka Itumba kuja kuuza viazi mara moja tu, na hiyo mara moja haijaisha mpaka leo. Wamo Wanamwanga, ambao mpaka ulipochorwa hakuna aliyewauliza, kwa hiyo bibi yuko Zambia, babu amezikwa Tanzania, na mbuzi wanalala popote. Na wamo wale ambao mwalimu aliwaandika kwenye karatasi yake "wanafunzi wa ng'ambo". Hawa ni Watanzania kama wengine, ila kila jioni wanavuka kwenda kulala Nakonde kwa mama au kwa bibi, na kila asubuhi wanavuka tena na madaftari yao.

Mwalimu huyo alikuwa kijana kutoka Dodoma, mwembamba, msafi, anayefundisha Hisabati na kuipenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Hakuwa amewapanga watoto kwa kabila wala kwa dini. Aliwapanga kwa mahali wanapolala. Mimi nilimpa heshima kwa hilo, maana hata mimi mteja simuulizi kabila lake, namuuliza mzigo unakwenda wapi.

"Wazazi wangu," akasema, "watoto wa ng'ambo wanaturudisha nyuma kwenye Hisabati. Karibu wote wana F."

Mzee mmoja wa Mbozi, mkulima wa kahawa aliyevaa koti zito kama vile baridi ilikuwa imemwandikia barua kwamba inakuja, akageuka kunitazama mimi, maana wote wanajua ninakouzia.

"Nyinyi wa mpakani, watoto wenu wanajua bei tu. Hesabu hawajui."

"Na wenu wanajua hesabu, mzee, lakini bei ya kahawa mnapangiwa."

Ukumbi ukacheka, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote, akanipigia kofi la hewani. Utani wa namna hiyo huku hauvunji mtu. Lakini mwalimu hakucheka. Alisema tatizo la watoto hawa ni nidhamu. Leo wamewahi kuliko mlinzi, kesho wamechelewa kuliko chai. Wanakuja wanavyojisikia.

Hapo nilinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona kwenye Kiingereza hao hao wako juu ya wote? Na Jiografia wako katikati kama watu wengine? Mvivu huwa anachagua somo?"

Aliitazama karatasi yake. "Sijui, mama," akasema. Hilo nalo nikalipenda. Mtu anayesema hajui unaweza kufanya naye biashara.

Mimi sikuwa nimekwenda kuuliza kwa ajili ya watoto wa ng'ambo wote. Nilikuwa na mmoja wangu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa Kidato cha Pili, na mwisho wa mwaka alikuwa na mtihani wa taifa, ule ambao ukiufeli unarudia darasa. Kaka yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Saza, ambako ana mke wa pili mwenye mgahawa wa kulisha wachimbaji. Alikuwa ameshatamka: kurudia darasa hakuna. Binti akifeli, aende Saza akasaidie kupika ugali.

"Kurudia darasa ni kununua mzigo ule ule mara mbili," aliniambia kwenye simu. "Wewe mfanyabiashara, ungekubali?"

Nilikata simu, nikahesabu miezi iliyobaki mpaka mtihani, mara mbili.

Binti alikuwa analala Nakonde kwa mama yake, wifi yangu. Mtu atauliza kwa nini nisimchukue akalale kwangu Tunduma. Nilitaka. Lakini wifi anafanya biashara ya maharage, anaondoka mara kwa mara kuyafuata vijijini upande wa Isoka, na akiondoka binti ndiye anayebaki na wadogo zake wawili wanaosoma shule ya msingi kule kule Zambia. Kumtoa binti pale ni kubomoa nyumba ili upate tofali moja.

Basi wifi alipokwenda kufuata maharage tena, nikamwambia, "Safari hii nakuja kulala na watoto. Na huyu binti nitampeleka shuleni mimi mwenyewe, kwa mkono, nione huo utovu wa nidhamu unaanzia wapi."

"Karibu, wifi," akasema. "Ila godoro lina shimo katikati."

Nililala kwenye shimo. Kabla ya kulala nilitega kengele ya simu, nikamwonyesha binti. Alisema kitu kuhusu kutoziamini simu, nikamwambia mimi simu hii imenipa chakula miaka yote, itashindwaje kuniamsha. Asubuhi kengele ikalia, nikaamka, nikapasha maji, nikawakorogea watoto uji. Binti alikuwa ameshavaa sare, amekaa mlangoni na mkoba magotini, ananitazama.

"Shangazi, tumechelewa."

"Tumechelewa wapi? Angalia." Nikamwekea simu usoni. "Bado mapema. Kunywa uji."

"Shangazi..."

"Kunywa uji, mtoto wewe. Kwa haraka zako hizi ndiyo maana hesabu zinakutoroka."

Akanywa. Tukatoka, ukungu umetanda kiasi kwamba jua usingelijua limefika wapi. Tukapita kwenye malori yaliyopanga foleni, tukavuka. Niliamkiana na watu niliowafahamu, nikasimama kidogo kumdai mmoja deni la wiki iliyopita, yaani nilitembea kama mtu mwenye muda wake. Tulipofika shuleni, mstarini hapakuwa na mtu. Madarasa yalikuwa yametulia, na kutoka darasa la Kidato cha Pili nilisikia sauti zikijibu kwa pamoja. Mwalimu wa taaluma alitoka mlangoni na chaki mkononi.

"Mama, shikamoo. Kipindi kinakaribia nusu."

"Marahaba. Kipindi gani? Hata mstarini hamjaenda!" Nikatoa simu kumthibitishia.

Simu ilikuwa imeongeza saa nzima. Pale pale mkononi mwangu, bila haya, ilikuwa imebadili kauli kama dalali.

Niligeuka kumtazama binti. Hakuwa anacheka, lakini mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kubwa kujizuia.

"Shangazi, simu yako imelala Zambia."

Sasa, nisije nikaonekana mshamba. Hakuna mtu Tunduma asiyejua kwamba Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi mwenyewe nikipatana na mteja wa Nakonde namuuliza kwanza, "Saa yako au saa yangu?" Tunajua sana, na kujua huko ndiko kulikotuponza. Simu zetu nyingi zina laini mbili. Ukilala karibu na mpaka, usiku inashika mnara wowote inaoupenda. Ikishika wa Tanzania, kengele inalia kwa saa ya Tanzania. Ikishika wa Zambia, inalia saa nzima baadaye. Kwa hiyo wifi, kwa akili zake za biashara, alikuwa amemwambia binti atege saa moja kabla, kufidia. Usiku simu ikishika mnara wa Zambia, binti anafika kwa wakati. Ikishika wa Tanzania, anafika shuleni saa nzima kabla ya watu, anakaa ukutani kwenye baridi. Baada ya wiki mbili za baridi, binti anaacha kufidia. Na saa ya ukutani pale nyumbani imewekwa Zambia, maana wadogo zake wanasoma kwa saa hiyo.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia.

"Sote tunajua, shangazi. Wote tunaovuka."

"Na hukusema?"

"Nilisema Kidato cha Kwanza. Nikaambiwa visingizio, nikaongezewa majani ya kufyeka."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Wanaochelewa walikuwa wanafyeka majani mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Na kipindi cha kwanza, karibu kila siku, kilikuwa Hisabati, kwa sababu mwalimu aliamini vichwa vya asubuhi ndivyo vinavyopokea. Kiingereza na Jiografia vilikuwa baadaye, na hivyo watoto wa ng'ambo walivikuta. Binti wa kaka yangu alikuwa anajua kufyeka vizuri sana. Uwanja wa shule ile ulikuwa safi kwa jasho la waliofeli hesabu.

Mwalimu alikuwa amesimama na chaki yake akisikiliza yote hayo. Hakujitetea. Nyumba aliyopanga iko upande wa barabara ya Vwawa, mbali na mpaka, na simu yake hulala Tanzania kila siku kama mtu aliyeoa.

"Mimi niliwauliza wanalala wapi," akasema polepole. "Sikuwauliza wanaamkaje." Kisha akamgeukia binti. "Ingia darasani. Majani leo yapumzike."

Tulikaa ofisini kwa mkuu wa shule, mwanamama mtaratibu ambaye huzungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikawa nimeingia kwenye kitu ninachokijua, yaani kupatana.

Mwalimu alipendekeza Hisabati ihamie baada ya mapumziko.

"Itakayokuja asubuhi ni Historia," nikasema. "Mwakani utatuitia mkutano kutuambia watoto wa ng'ambo hawana historia."

Mkuu akauliza kama wazazi hawawezi kununua saa.

"Mkuu, nyumba zile saa zimo. Shida siyo kukosa saa, shida ni kuwa nazo mbili."

"Wahamie upande huu, basi."

"Nyumba ya nani?"

Mkuu akashusha pumzi, akasema kwa utani wa kuchoka, "Basi labda tuwapigie kengele mpaka Nakonde."

Yeye alikuwa anafunga mazungumzo. Mimi nilisikia bei.

"Kengele yenu inafika wapi?" nikauliza.

"Hata darasa la mwisho hawaisikii," akajibu mwalimu. Ilikuwa kipande cha nondo na bomba, kitu cha kuwaita kuku.

"Nikileta chuma kikubwa, mlinzi atakipiga asubuhi, muda wa mtoto kuamka?"

Mkuu akanitazama. "Atapiga. Ila shule haina fungu la chuma."

"Sijataja fungu, mkuu. Nimetaja chuma."

Tunduma malori hayaishi, na lori likifa halizikwi, linachinjwa. Kuna yadi moja ambako wanayafungua mpaka unaona mifupa. Mwenye yadi ni mtu wa Ileje, mnene, asiyepunguza bei hata kwa jamaa zake wa damu. Nilikwenda na spana niliyoazima kwa fundi wa jirani, nikawa nagonga rimu za matairi moja moja na kusikiliza, kama mtu anayechagua chungu.

"Dada, hizo hazipikiwi," akanipigia kelele kutoka kivulini.

"Hii inasemaje kwako?" Nikaigonga.

"Inasema ina mteja Mbeya."

"Na hii?"

Ile ya pili ilitoa sauti ndefu, ikazunguka yadi nzima, mbwa akainuka. Nikajua ni yenyewe. Kosa langu ni kwamba na yeye aliona nimejua.

"Hiyo ni ya semi, dada. Chuma cha zamani. Hiyo ndiyo ghali kuliko zote."

"Ina ufa."

"Iko wapi?"

"Naitafuta."

Akacheka. Nikamweleza kazi ya rimu ile. Nilitegemea moyo wake utalainika kwa habari za watoto, lakini mtu wa vyuma halainiki bila moto. Akauliza jambo moja tu: naweza kumpa nini kwa mke wake, maana walikuwa hawasemeshani tangu Jumapili.

"Kitenge," nikasema.

"Viwili."

"Mkigombana kwa kosa la kitenge kimoja unakuja na viwili, atajua una kosa lingine. Mlete dukani achague mwenyewe. Atachukua saa nzima kuchagua, na hiyo saa nzima mtakuwa mnaongea."

Alifikiri. Alimtuma kijana wake apakie rimu kwenye guta la magurudumu matatu.

Tuliitundika mara ya kwanza nyuma ya ofisi ya walimu, pakawa si mahali. Nilikwenda kusimama uani kwa wifi Nakonde, nikasubiri, nikasikia kuku na redio tu. Sauti yote ilikuwa inagonga ukuta na kwenda kanisani, ambako mchungaji alidhani kuna msiba. Tukaihamishia kwenye mkaratusi ulioko pembeni mwa uwanja, upande unaotazama mpaka. Nikarudi tena uani kwa wifi. Safari hii ilifika. Haikuwa na nguvu, ilikuwa kama mtu anayegonga sufuria kwa jirani wa tatu, lakini ilifika, na wadogo zake binti walisimama wakasema, "Shule ya dada!"

Asubuhi ya kwanza, jirani wa wifi, bibi wa Kizambia mwenye sauti ya kuuzia samaki, alitoka nje na kanga begani.

"Mwashibukeni, bamayo," nikamwamkia haraka, kwa kile Kibemba changu cha dukani.

"Nimeamka, ndiyo, nani angelala?" akajibu kwa Kiswahili. "Ninyi Watanzania hamtosheki na kutuletea mchele, sasa mnatuletea na asubuhi?"

"Tusamehe, bamayo. Ni kwa ajili ya watoto wanaochelewa hesabu."

Alimtazama binti akitoka mbio na mkoba, na nyuma yake wengine kutoka nyumba za jirani, sweta moja baada ya nyingine, wanakutana njiani bila mtu kuwaita zaidi ya chuma. Bibi akaguna. Baada ya mwezi nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba anakwenda kununua samaki "chuma cha Tanzania kikilia". Mambo ya mpaka hayo. Ukikaa nayo kidogo yanakuwa yako.

Kuwahi darasani, hata hivyo, siyo kujua hesabu. Binti alikuwa amekosa zaidi ya mwaka wa vipindi vya asubuhi. Mwalimu aliwabakiza watoto wa ng'ambo mchana baada ya masomo, na hakudai kitu. Nilimuuliza mara mbili kama hadai kitu, kwa sababu mtu asiyedai hunipa wasiwasi. Akasema anadai kitu kimoja: nikae na wazazi wa ng'ambo, wasiwatume watoto sokoni mchana huo. Nikakubali, nikawazungukia. Wengine walinisikiliza kwa sababu ya watoto wao, wengine kwa sababu nilikuwa nimewakopesha vitenge. Sikuchagua sababu.

Jumamosi binti alikuja dukani kufanya mazoezi juu ya mabunda. Siku moja akainua kichwa.

"Shangazi, hasi mara hasi ni chanya."

"Nani kasema?"

"Hesabu."

"Yaani hasara mara hasara ni faida?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi niko biashara hii tangu hujazaliwa. Hasara mara hasara ni kufunga duka."

Alikwama hapo, na mimi ndiye niliyemkwamisha. Wiki nzima aliikataa ile kanuni kwa ushahidi wangu. Jumatatu mwalimu alipita dukani, siyo kununua, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, umenivurugia mwanafunzi."

"Nimesema ukweli wa soko."

"Haya, tuseme soko. Una wateja watatu waliokuletea hasara ya noti moja kila mmoja. Usiku mtu anakuja, anakufutia hasara zote tatu. Umepata au umepoteza?"

Nilifikiri. Nikafikiri mara ya pili. "Nimepata."

"Kuondolewa hasara. Hasi ya hasi."

Binti alikuwa nyuma yangu, na nilisikia kalamu yake ikianza kwenda. Haikusimama mpaka mteja mmoja akaja kuuliza kama pale ni duka au shule.

Ilikuwa Novemba walipofanya mtihani. Sikumsindikiza. Aliniambia nisimsindikize, kwa adabu, lakini akiangalia simu yangu. Siku ya Hisabati nilikosea chenji mara tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wateja walikuwa waaminifu kiasi cha kunirudishia mmoja tu.

Januari matokeo yalitoka. Niliyaona kwenye simu ya jirani, maana sikutaka yangu inipe habari. Nikaangalia. Nikamrudishia jirani simu, nikaiomba tena, nikaangalia upya. Binti alikuwa amefaulu, na Hisabati alikuwa na D.

D haikufanyi utembee kifua mbele. Lakini kwa mtu aliyekuwa na F tangu alipovaa sweta ile, D inavusha. Niliposhangilia, binti alinikata.

"Nilitaka C, shangazi. Swali la duara nilikosea njia."

Alikuwa amekasirika kweli. Sikujua kwamba hasira ya mtoto inaweza kunifurahisha hivyo.

Watoto wa ng'ambo wengine nao walifaulu wengi kuliko mwaka uliotangulia, mwalimu alisema, ila safari hii sikwenda ukutani kuhesabu. Nilikuwa na kazi ngumu zaidi ya hiyo: kaka yangu. Nilimpigia Saza, nikaweka simu sauti ya juu, binti pembeni yangu.

"D?" akasema. "D ndiyo nini? Kwa hiyo anarudia?"

"Harudii. Anaingia Kidato cha Tatu."

"D ya hesabu na anaingia Kidato cha Tatu. Dada, unanipiga. Mama mdogo wake huku anahitaji mtu."

Nikaanza kupatana. Nilitaja F za zamani, nikataja mwalimu, nikataja chuma. Kaka alikuwa anasikiliza kama mteja aliyeshaamua kuondoka ila anangoja mvua ipungue. Binti akaichukua simu mezani.

"Baba, shikamoo. Wiki hii mmetoa mifuko mingapi ya mawe?"

"Marahaba. Arobaini. Kwa nini?"

"Mwenye shimo anachukua ngapi?"

"Robo. Halafu mwenye mashine mitano. Halafu tunagawana sisi watano sawasawa. Unauliza kwa nini?"

"Wewe ulipata mingapi?"

"Minne."

Binti hakuandika popote. "Robo ni kumi. Toa na mitano ya mashine. Imebaki ishirini na mitano. Kwa watano ni mitano kila mmoja, baba. Wako mmoja uko wapi?"

Nilisikia upepo, na mtu kwa mbali akigonga jiwe. Kisha nikamsikia kaka yangu akihesabu kwa sauti ya chini, kumi, mitano, ishirini na mitano, halafu akarudia kutoka mwanzo. Alimwita mtu kwa sauti ambayo sikuipenda na yule mtu bila shaka hakuipenda zaidi. Akasema jambo kwake, akarudi kwenye simu.

"Kidato cha Tatu wanafungua lini?" akauliza.

"Jumatatu, baba," binti akasema. "Na sketi imekuwa fupi."